Bustani ya Nyumbani Katika Nchi Kavu: Maji, Mboga na Majina Yake Kiambere

Utangulizi

Neno bustani lilitufikia kutoka Kiajemi, ambako maana yake ya asili ni mahali penye harufu nzuri. Katika ushairi wetu limezoea kukaa pamoja na maua, ndege na wapenzi. Ni nadra kulikuta likiwa limebeba sufuria ya mboga. Makala haya yanaliazima kwa kazi hiyo ya pili. Yanaangazia kile kipande cha ardhi kilicho karibu na nyumba, ambacho mara nyingine hakizidi upana wa mikeka miwili mitatu, ambamo mwenye nyumba hupanda mboga na matunda machache kwa ajili ya mlo wa jamaa yake. Maafisa wa kilimo nchini Kenya hukiita "bustani ya jikoni", tafsiri ya moja kwa moja ya jina la Kiingereza, nayo imekwisha kukubalika ingawa jikoni mwetu hakuna kinachoota isipokuwa masizi. Humu tutatumia "bustani ya nyumbani", kwa kuwa hoja yetu inahusu nyumba nzima pamoja na maji yake, mifugo yake na lugha yake.

Huenda msomaji akauliza jarida la Kiswahili lina uhusiano gani na mchicha. Jibu litajitokeza tutakapofika kwenye neno njugu. Kwa sasa itoshe kusema kwamba ushauri mwingi wa lishe unaomfikia mama wa kijijini nchini Kenya humfikia kwa Kiswahili, ama kwa mabango ya zahanati, ama kwa redio, ama kwa kinywa cha mhudumu wa afya, ilhali vyakula anavyovipika vina majina ya lugha yake ya kwanza. Kati ya lugha hizo mbili kuna pengo, na mtoto anaweza kutumbukia humo.

Kiambere na mto wake

Kiambere iko upande wa kusini-mashariki wa nchi ya Wambeere, kandokando ya Mto Tana. Eneo hilo lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Embu, likaingia katika Wilaya mpya ya Mbeere mwaka 1996, na tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013 ni wadi mojawapo ya Mbeere Kusini katika Kaunti ya Embu. Anayesafiri kutoka Embu mjini huacha nyuma migomba, kahawa na baridi ya miteremko ya Mlima Kenya, akateremka hadi kwenye joto, migunga, miti ya mukau na udongo wa kichanga unaokunywa maji upesi na kuyasahau upesi. Mvua hunyesha kwa misimu miwili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, na ile ya pili ndiyo inayotegemewa zaidi. Baina ya Juni na katikati ya Oktoba huwa ni kiangazi kirefu. Mtama, mawele, kunde, mbaazi na ndengu ndizo nafaka na kunde zilizoizoea hali hiyo. Mahindi hupandwa kila mwaka kwa matumaini na huvunwa mara chache kwa furaha.

Jina la Kiambere linajulikana Kenya nzima kwa sababu ya umeme. Bwawa la Kiambere lilianza kuzalisha umeme mwaka 1988, likiwa la chini kabisa katika mfululizo wa mabwawa matano ya mto huo baada ya Kindaruma (1968), Kamburu (1974), Gitaru (1978) na Masinga (1981). Mitambo yake ilianza na uwezo wa megawati 144, baadaye ikaongezwa hadi 168. Yasiyojulikana sana ni yaliyowapata watu waliokuwa wakiishi na kulima mahali ambapo leo pana ziwa. Mwanasosholojia Edward Mburugu alizifuatilia familia zilizohamishwa, na matokeo ya uchunguzi huo yakaja kunukuliwa mara nyingi katika maandishi ya Michael Cernea wa Benki ya Dunia kuhusu madhara ya kuhamisha watu. Wastani wa ardhi ya familia ulishuka kutoka hekta 13 hadi 6. Mifugo ilipungua kwa zaidi ya theluthi moja. Mavuno ya mahindi kwa hekta yalipungua kwa asilimia 68 na ya maharagwe kwa asilimia 75. Mapato ya familia yaliporomoka kutoka shilingi 10,968 hadi shilingi 1,976, yaani hasara ya asilimia 82.

Takwimu hizo zinastahili kusomwa polepole. Hekta 6 si haba. Wapo wakulima wengi wa Embu ya juu ambao wangezipokea kwa shangwe. Lakini tazama mavuno kwa hekta. Kilichopotea hakikuwa ukubwa wa shamba peke yake, bali ubora wa udongo na unyevu wake. Bwawa hufunika bonde kwanza, na bondeni ndiko udongo mzuri uliko. Waliohamishwa walijikuta kwenye ardhi duni zaidi, wakabaki wakilitazama ziwa. Maji ya ziwa hilo yana kazi ya kuzungusha mitambo. Ukingoni mna mamba na viboko. Na kuyapandisha mlimani kwa mgongo au kwa punda ni kazi ya siku. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya bustani ya nyumbani hapa, hatuzungumzi juu ya burudani ya wastaafu. Tunazungumza juu ya njia ya kurudisha nyumbani kipande kidogo cha ule unyevu uliobaki chini ya ziwa.

Njaa isiyolia tumboni

Mtu anaweza kushiba na bado akawa na njaa. Sahani ya ugali hujaza tumbo la mtoto, akalala bila kulia, lakini mwili wake ukaendelea kukosa madini ya chuma, vitamini A, zinki na foleti. Wataalamu huiita hali hii njaa iliyofichika. Dalili zake huja kimyakimya: mtoto anayejikwaa jioni kwa sababu macho yake hayaoni vizuri katika mwanga hafifu, mama mjamzito anayechoka akipanda kilima kifupi kwa kuwa damu imepungua, kikohozi kisichokwisha. Dalili inayopimwa zaidi ni kudumaa, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake unavyotaka. Nchini Kenya watoto walio chini ya miaka 5 waliodumaa walikuwa asilimia 35 katika uchunguzi wa kitaifa wa 2008-09, asilimia 26 mwaka 2014, na asilimia 18 mwaka 2022. Hayo ni maendeleo makubwa. Hata hivyo, asilimia 18 ni karibu mtoto mmoja katika kila watano au sita, na kudumaa kwa miaka miwili ya kwanza ni vigumu sana kukufidia baadaye.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa mtu mzima kwa siku. Hebu tuwe wakweli: familia ya watu 6 ingehitaji zaidi ya kilo 2 kila siku, na hakuna bustani ya mikeka miwili Kiambere itakayotoa kiasi hicho katika mwezi wa Septemba. Wanaoihubiri bustani ya nyumbani kana kwamba ni dawa ya kila kitu huwakatisha watu tamaa. Tafiti zilizofanywa katika nchi mbalimbali, zikiwemo zile za Bangladesh ambako shirika la Helen Keller International limekuwa likieneza bustani za nyumbani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, zinaonyesha kwamba bustani huongeza aina za vyakula mezani na ulaji wa mboga. Uwezo wake wa kupunguza kudumaa peke yake, bila maji safi, elimu ya ulishaji na matibabu ya minyoo na malaria, ni mdogo zaidi. Kazi ya bustani ya nyumbani ni kuhakikisha kwamba ule ugali haupiti peke yake. Konzi mbili za majani mabichi, kila siku, hasa katika miezi ambayo sokoni hayapo au bei yake haishikiki: hilo ndilo lengo linalofikiwa.

Na miezi hiyo ndiyo kiini cha jambo. Novemba hakuna anayehitaji kuhimizwa kula kunde, kwani zimejaa mashambani. Bustani inayotoa mboga Novemba na kukauka Julai imetoa msaada wakati usiohitajika. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapa ndipo miradi mingi imekosea: imechukua bustani ya Runyenjes au ya Meru ya juu, yenye matuta yaliyoinuliwa na sukuma wiki ya kumwagiwa ndoo asubuhi na jioni, ikaileta Kiambere kama ilivyo. Wafadhili wanapoondoka, sukuma wiki nayo huondoka.

Hesabu ya maji

Tuchukue kitanda cha mboga chenye mita mraba 4. Katika joto la Mbeere mimea hunywa, na jua huvukiza, takribani milimita 5 za maji kwa siku. Milimita moja juu ya mita mraba moja ni lita moja. Basi kitanda chetu kinahitaji lita 20 kwa siku, yaani mtungi mmoja wa kawaida. Kwa kiangazi cha siku 120 ni lita 2,400.

Sasa tuutazame upande wa mapato. Nyumba yenye paa la bati la mita 6 kwa 5 ina mita mraba 30. Mvua ya milimita 20, ambayo katika msimu wa Novemba hunyesha kwa alasiri moja, huliangushia paa hilo lita 600. Tukiondoa humusi moja inayoruka nje ya mlizamu au kukauka, hubaki lita 480. Msimu wote wa milimita 250 huweza kutoa lita 6,000, ambazo ni zaidi ya mara mbili ya mahitaji ya kitanda. Ukiiangalia hesabu hii karatasini, tatizo limekwisha. Lakini tangi la kuhifadhi maji hayo hadi Septemba lina bei, na nyumba nyingi zina pipa la lita 200 tu. Pipa hilo hujaa kwa mvua ya milimita 8 au 9 na huisha kwa siku 10.

Ndiyo maana chanzo muhimu zaidi cha maji ya bustani ya Kiambere si paa bali karai. Familia inayoteka maji kwa jasho huosha vyombo, mikono, mboga na nafaka kila siku, na maji hayo humwagwa uani ambako kuku huyakanyaga. Yakikusanywa yanakaribia ule mtungi mmoja. Maji ya vyombo yenye mafuta na sabuni kidogo yapitishwe kwanza kwenye ndoo iliyotobolewa chini na kutiwa kokoto na mchanga. Yamwagwe kwenye udongo, si juu ya majani. Na maji ya kufulia yenye sabuni kali ya unga yapelekwe kwa mpapai au mwembe badala ya mboga. Hivyo maji yaliyobebwa mara moja hufanya kazi mara mbili. Tangi ni jambo jema kwa atakayeweza kulinunua, lakini anayelisubiri tangi atasubiri mboga pia.

Baada ya maji kupatikana, hatua inayofuata ni kuyazuia yasitoroke. Katika nchi ya mvua nyingi tuta huinuliwa ili maji yaondoke. Katika nchi kavu kitanda huzamishwa ili maji yabaki. Mkulima huchimba kina cha sentimita 40 hivi, akitenga udongo wa juu na wa chini. Hurudisha udongo wa juu ukiwa umechanganywa na samadi iliyooza ya mbuzi au ng'ombe, na kuacha uso wa kitanda ukiwa chini ya ardhi inayokizunguka kwa kiasi cha kiganja. Ule udongo wa chini huwa ukingo. Kisha hutandaza nyasi kavu, mabua ya mtama au majani makavu juu yake. Matandazo haya yana adui mmoja, mchwa, ambaye Kiambere hana uhaba. Majivu ya jikoni yakinyunyizwa ukingoni hupunguza uchu wake, japo hayamwondoi. Wakulima wa Mbeere wanaifahamu kanuni hii katika mashamba pia, kwani mashimo ya zai, mbinu iliyotoka Yatenga nchini Burkina Faso, yamekwisha kufika huku na kuchimbwa kwa mtama na mahindi.

Vipi kuhusu bustani ya gunia? Ilipata umaarufu Kibera, Nairobi, mwaka 2008 baada ya ghasia za uchaguzi, shirika la Solidarités lilipowagawia wakazi miche. Gunia la kilo 90 hujazwa udongo na samadi, katikati likiwekwa nguzo ya mawe madogo ya kupitishia maji, na mboga hupandwa juu na kwenye matundu ya ubavuni. Kwa mji usio na ardhi ni uvumbuzi wa kusifiwa. Kwa Kiambere, ambako ardhi ipo na upungufu ni maji, gunia lililosimama juani hukauka kwa pande zote kama nguo kwenye kamba. Atakayelitumia aliweke chini ya mti, upande wa mashariki wa nyumba ambako jua la alasiri halifiki.

Kipandwe nini?

Sukuma wiki haina budi kutajwa kwanza kwa sababu ndiyo inayotajwa kwanza kila mahali. Jina lake ni mojawapo ya majina yenye ukweli zaidi katika Kiswahili cha Kenya, mboga ya kusukuma juma hadi mshahara ufike. Hatuikatai, ila ina kiu, na wadudu wanaipenda kama watu wanavyoipenda.

Kunde ndiyo malkia wa bustani kavu. Majani yake huanza kuchumwa wiki tatu au nne baada ya kupandwa, mizizi yake huongeza naitrojeni udongoni, na kinachobaki hutoa punje. Aina za Katumani 80 na Machakos 66, zilizotokana na utafiti wa kituo cha Katumani, zilichaguliwa kwa kufaa majani na punje pamoja. Mchumaji asiwe na pupa, kwani akiyakwangua majani yote punje hazitajaa. Mchicha hukua haraka na huvumilia joto. Mgagani nao ni mchungu, hustahimili kiangazi na huota wenyewe karibu na maboma ya mifugo. Mnavu unataka kivuli na maji zaidi. Majani ya malenge hutambaa juu ya ukingo na kuufunika udongo kama matandazo yaliyo hai. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa, ambavyo Tanzania huitwa viazi lishe, vina wingi wa kile kiini cha rangi ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, na majani yake, matembele, ni mboga. Mpapai mmoja au miwili upandwe mahali maji ya kuogea yanapotokea. Maembe ya Mbeere yana sifa yake, ila msimu wake ni mfupi na mengi huozea chini ya mti. Yaliyokatwa vipande na kukaushwa hudumu.

Kukausha ndiko kunakoiunganisha Novemba na Septemba. Majani ya kunde yaliyochumwa wakati wa wingi hutiwa kwenye maji ya moto kwa dakika chache, hukamuliwa na kuanikwa kivulini penye upepo, kisha huhifadhiwa kwenye chombo kikavu. Jua kali huua sehemu kubwa ya vitamini A, kwa hiyo kivuli si urembo. Vitamini C hupotea kwa vyovyote, lakini madini ya chuma, chokaa na protini hubaki. Ajuza wengi wa Mbeere wanaijua kazi hii kuliko afisa yeyote, na mafunzo ya bustani yangefaulu zaidi kama wao ndio wangeketishwa mbele.

Njugu ni nini?

Tumefika mahali tulipoahidi kufika. Mmea unaweza kustawi na mboga ikaiva, na bado mtoto asifaidike, kwa kuwa kati ya kitanda na mwili kuna sufuria, na sufuria hutawaliwa na maneno.

Kiini cha vitamini A kilichomo katika mboga za kijani na viazi vya rangi ya chungwa hakifyonzwi vizuri na utumbo bila mafuta kidogo. Ndiyo maana wapishi wengi wa Afrika ya Mashariki huunga mchicha au mgagani kwa karanga zilizopondwa, na ndiyo maana washauri wa lishe husisitiza kijiko cha mafuta au konzi ya karanga katika chakula cha mtoto aliyetimiza miezi 6 na kuanza kula. Nchini Kenya karanga huitwa njugu katika mazungumzo ya kila siku. Tuseme basi kwamba bango la zahanati linamwambia mama: "Ongeza njugu zilizosagwa katika mboga ya mtoto." Katika lugha za Mlima Kenya, zikiwemo Kikuyu, Kiembu na Kimbeere, jina njugu au ncugu ni la mbaazi. Mama wa Kiambere anayo mbaazi nyumbani. Anaisaga, anaiongeza, na ametii neno kwa neno. Mbaazi ni chakula bora chenye protini, hatakuwa amemdhuru mwanawe. Lakini mafuta yake ni kidogo mno, ilhali karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta. Lengo la ushauri limepotea na hakuna aliyekosea. Mwandishi wa bango alitumia Kiswahili sahihi cha Kenya, na msomaji alielewa sawasawa kwa masikio yake.

Mfano huo si wa pekee. Neno kunde kwa Mtanzania huleta akilini punje kwanza; kwa Mkenya, majani. Mboga yenyewe, sehemu nyingi za Tanzania, ni chochote kinacholiwa pamoja na ugali, hata nyama na samaki. Basi anayesema "mpe mtoto mboga kila siku" amesema mambo mawili katika nchi mbili. Kamusi zetu zinazo mnavu na mgagani, lakini katika masoko ya Kenya utasikia managu na saga, na anayeuliza mchicha Embu huenda akajibiwa kwa terere. Bernard Riley na David Brokensha walipoandika kitabu chao cha juzuu mbili juu ya Wambeere, kilichotoka mwaka 1988, juzuu nzima ilihusu mimea, majina yake ya Kimbeere na matumizi yake. Patrick Maundu na wenzake wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya walitoa mwaka 1999 kitabu cha mimea ya chakula cha asili nchini kote, pamoja na majina ya kila lugha waliyoifikia. Desemba 2021 UNESCO iliiorodhesha kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili miongoni mwa mifano bora ya kulinda urithi. Vitabu hivyo viliandikwa kwa Kiingereza. Orodha ya Kiswahili inayomwonyesha mhudumu wa afya kwamba akifika Mbeere neno njugu limegeuka maana, na kwamba aseme karanga, ingekuwa ukurasa mmoja. Wanachama wa chama chetu wanaotoka maeneo hayo wangeweza kuiandika likizo moja.

Majirani wa mboga jikoni

Yapo mambo mengine ya sufuria yasiyohusu istilahi. Magadi hulainisha kunde haraka na kuokoa kuni, lakini huharibu vitamini C na baadhi ya vitamini B. Anayeweza kuyaacha ayaache. Maji ya kuchemshia yasimwagwe. Madini ya chuma yaliyo katika majani hufyonzwa kwa shida, nayo husaidiwa sana na limau, nyanya au kipande cha papai katika mlo uleule. Na huzuiwa na chai. Chai ya maziwa mara baada ya chakula ni desturi yenye mapenzi makubwa Kenya, na hatutarajii kuiondoa kwa makala. Ikichelewa kwa saa moja, damu ya mama mjamzito itashukuru.

Nani ashike jembe?

Mwaka 2020, wakati wa janga la Korona, Wizara ya Kilimo ya Kenya ilizindua mpango wa bustani milioni moja za nyumbani. Muda mfupi baadaye ukame wa misimu mitano mfululizo, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, ulizijaribu bustani zote za nchi kavu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Ni haki iliyoandikwa vizuri. Ila haki hiyo ikifika uani, kwa kawaida huangukia mikono ya mama, ambaye tayari ameteka maji, ameokota kuni na amepalilia ndengu.

Kuna ushindani mwingine ambao wenyeji wanaufahamu. Muguka, ule mraa wa Mbeere, huleta fedha kila wiki, na fedha hizo zimelipa karo nyingi. Serikali ya Kaunti ya Mombasa ilipoupiga marufuku mwezi Mei 2024, kilio kilisikika Embu nzima. Muguka pia hunywa maji, huchukua ardhi iliyo karibu na nyumba ili ulindwe dhidi ya wezi, na mapato yake kwa kawaida hupita mkono wa baba. Hatusemi ung'olewe. Tunasema kwamba familia inayougawia muguka mitungi mitatu ya maji inaweza kujadiliana juu ya mtungi wa nne, na mazungumzo hayo ni ya mume na mke kabla ya kuwa ya afisa wa kilimo.

Tusiwasahau mbuzi na kuku, ambao huila bustani katika dakika kumi mtu akienda kisimani. Ua wa matawi ya miiba unatosha, mradi uzungushwe siku ileile kitanda kinapochimbwa. Siku hiyo kwa Kiambere ni mwishoni mwa Septemba, ardhi ikiwa ngumu kama sakafu na kazi ya shamba ikiwa bado. Kitanda kikiwa tayari kabla ya Oktoba, mvua ya kwanza hukikuta kimefunguka. Mbegu za kunde zilizohifadhiwa kwa majivu ndani ya kibuyu huingia udongoni siku inayofuata. Na kabla ya Novemba kwisha majani ya kwanza huwa tayari kuchumwa, machache yakiliwa jioni hiyo na mengine yakianikwa kivulini.